Gofu: nina miaka 58 na draiva (fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza) imepungua yadi 25. Ni umri kweli au kuna kitu kingine?

#1 Mstaafu Mafinga
Kamwene wakuu.

Naomba tulijadili hili kwa kina. Nilianza gofu Dar nikiwa kazini, na nilipokuwa na miaka 45 draiva yangu ilikuwa inafika yadi 230 bila kulazimisha. Sasa nina 58, nimestaafu mapema, nimehamia Mafinga na nacheza Mufindi kule kwenye mashamba ya chai. Mpira nilioupata katikati ya uso wa fimbo, ule ambao hata kedi (mbeba mfuko wa fimbo) anasema "huo umekwenda mzee", tukiupima ni yadi 205. Ya kawaida haifiki 195.

Hendikapu (kipimo cha kiwango cha mchezaji) haijaharibika sana kwa sababu mchezo mfupi, wa karibu na shimo, umekuwa mzuri. Lakini par 4 (mashimo ya kumaliza kwa mikwaju minne) ambazo zamani nilifika grini, kwenye majani mafupi ya shimo, kwa aini namba 8 ambayo ni fimbo ya masafa mafupi, sasa kwa mashimo ya urefu uleule nashika mbao namba 5 ya masafa marefu. Inauma. Siumwi, sinywi, uzito ni uleule.

Madai yangu: umri peke yake hauwezi kula yadi 25 kwa miaka 13 kwa mtu mwenye afya. Anayepinga alete hoja.

#2 Gangilonga
Shikamoo mzee. Napinga.

Misuli inaanza kupungua tangu miaka ya 30. Madaktari wanataja asilimia 3 mpaka 8 kwa kila miaka kumi, na ukivuka 60 inazidi. Sasa tazama kasi ya fimbo. Kila maili moja kwa saa inayopotea kwenye kichwa cha draiva inaondoka na yadi kama mbili na nusu. Yadi 25 maana yake maili 10 kwa saa. Mwanaume wa ridhaa wa kawaida anazungusha kwenye maili 93 hivi, wale wa kulipwa wa PGA Tour ya Marekani wako karibu na 115. Kutoka 95 kushuka 85 ndani ya miaka 13 sioni ajabu yake.

#3 Injinia Uyole
Ugonile wakuu.

Gangilonga hesabu yako imekaa sawa ila umeruka jambo kubwa, na kwa Mstaafu si habari njema. Dar ni usawa wa bahari. Mufindi ni kama mita 1,900. Hewa ya juu ni nyepesi, haiukabi mpira. Denver kule Marekani, mita 1,600 hivi, inajulikana kwamba mpira unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 6 hivi. Kwa Mufindi weka 7.

Kwa hiyo hizo yadi 205 ukizishusha pwani zinabaki 191 au 192. Mzee hukupoteza 25. Umepoteza karibu 40.

#4 Mstaafu Mafinga
@Gangilonga marahaba.

@Injinia, kama ni hivyo swali langu ndiyo limekuwa zito zaidi. Yadi 40 kwa umri tu? Hapana jamani.

#5 Tukuyu Mvua
Injinia anasahau hali ya hewa tunayochezea. Mufindi asubuhi mwezi wa Juni au Julai ni ukungu na umande, mpira unatua unazama hapohapo. Dar wakati wa kiangazi ardhi ni ngumu, mpira ukitua unabingirika mpaka unauhurumia. Zile 230 za Dar ngapi zilikuwa hewani na ngapi zilikuwa za kubingirika? Hapo ndipo pa kuanzia.

Halafu baridi. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, na mpira wenyewe ukiwa baridi hauruki vizuri kwenye uso wa fimbo. Ongeza sweta mbili na koti, bega litazunguka saa ngapi?

#6 Makambako Njia Panda
Niongeze kwenye ya Injinia #3. Hiyo asilimia 7 usimpe kila mtu. Hewa nyepesi inapunguza ukinzani, sawa, lakini hewa hiyohiyo ndiyo inayounyanyua mpira kwa ule mzunguko wake wa nyuma. Ikiwa nyepesi, kunyanyua nako kunapungua. Mwenye kasi kubwa anafaidika sana na mwinuko. Mwenye kasi ya maili 80 au 85 mpira wake unashuka mapema, faida anayoipata ni ndogo.

Kwa hiyo Mstaafu huenda hajapoteza 40. Ila pia hapati zawadi ya mlima kama vijana wanaoipata.

#7 Kyela Mpunga
Huko juu mnakufa na baridi mnasingizia umri. Mzee shuka Kyela mwezi mmoja, ule wali na samaki wa ziwani, mgongo ulegee, uone.

Na mnaosema mzee hawezi kupiga mbali: Mike Austin, Marekani, mwaka 1974, miaka 64, alipiga draiva yadi 515 kwenye mashindano. Fimbo ya mbao, siyo haya makopo ya leo. Umri ni nini hapo?

#8 Gangilonga
@Kyela Mpunga huo mpira ni kweli ulipigwa, na ulitambuliwa kuwa rekodi. Lakini malizia habari. Ilikuwa Las Vegas, ardhi kavu ya jangwa, na upepo mkali sana ulikuwa unatoka mgongoni kwake. Hata hivyo mwenye miaka 64 kufika huko ni nguvu ya kweli, silipingi hilo. Ninachopinga ni kumchukua mtu mmoja wa ajabu ukamfanya kipimo cha mzee wa Mafinga.

Mfano mzuri zaidi ni Phil Mickelson, mchezaji wa kulipwa wa Marekani, alishinda PGA Championship ya 2021, moja ya mashindano makubwa manne ya gofu, kule Kiawah Island akiwa na miaka 50. Kabla yake aliyekuwa mkubwa kuliko wote kushinda mashindano makubwa ni Julius Boros, miaka 48, mwaka 1968. Siku ile ya mwisho Mickelson alipiga draiva ya yadi 366 kwenye shimo la 16.

#9 Kyela Mpunga
Sasa si umeniunga mkono?

#10 Gangilonga
Mickelson anaamka kwa ajili ya gofu. Sisi tunaamka kwa ajili ya shamba na ada za shule.

#11 Dada Kihesa
Habari za jioni. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba na nacheza gofu kidogo. Nimesoma uzi wote, naona mnaongelea misuli kana kwamba yote ni ya aina moja.

Msuli una nyuzi za aina mbili kuu. Kuna za pole pole, zinazokuwezesha kutembea mashimo 18 bila kuchoka, na kuna za haraka, zinazotoa nguvu ya ghafla. Umri unakula zaidi zile za haraka. Ndiyo maana mzee wa miaka 60 anaweza kupanda mlima akamwacha kijana, lakini hawezi kuruka mfereji ambao kijana anauruka. Swingi ya gofu ni kazi ya ghafla, fimbo inashuka chini ya nusu sekunde. Kwa hiyo Mstaafu anaposema "sina ugonjwa, uzito ni uleule", simkatalii, lakini mzani hauwezi kumwambia nyuzi zipi zimekwenda. Uzito unaweza kubaki uleule huku msuli ukipungua na mafuta yakichukua nafasi yake.

La pili ni uti wa mgongo, sehemu ya kifua, na nyonga. Mtu aliyekaa ofisini miaka 30 mgongo wa juu umekakamaa. Hawezi kugeuza mabega akaacha kiuno nyuma, na tofauti hiyo kati ya mabega na kiuno ni chanzo kikubwa cha kasi. Akishindwa hapo anazungusha vyote kwa pamoja, au anapiga kwa mikono tu.

Mzee jipime hivi. Kaa kwenye kiti, magoti pamoja, fimbo iweke kifuani uikumbatie kwa mikono iliyopishana. Geuka kulia mpaka mwisho bila kunyanyua makalio, kisha kushoto. Unatakiwa ufike digrii 45 kila upande, yaani nusu ya kona ya meza. Tupe majibu.

Na swali ambalo wanaume hawapendi kuulizwa: unatumia dawa za presha? Baadhi zinapunguza mapigo ya moyo na mtu anachoka mapema. USIACHE DAWA. Muulize daktari wako tu.

#12 Mstaafu Mafinga
Ndaga sana dada. Dawa situmii. Nimejipima sasa hivi mke wangu akisimamia. Kulia nafika karibu na hizo 45. Kushoto naishia kama theluthi mbili ya hapo.

#13 Dada Kihesa
Unacheza kwa mkono wa kulia? Basi kushoto ndiko fimbo inakomalizia. Mwili unaojua hautaweza kumaliza mzunguko unajizuia mapema, fimbo inapunguza mwendo hata kabla ya kugusa mpira. Hapo pana yadi zako kadhaa.

#14 Kedi wa Zamani
Nimebeba mifuko ya watu miaka mingi, nikataka nisiseme lakini nimeshindwa.

Kuna mzee mwenzetu hapa, alikuwa kedi, sasa amevuka 65. Hajawahi kuingia jimu. Ana fimbo nne tu, moja imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Anawapita mameneja wa miaka 40. Siri yake ni jembe. Analima viazi na mahindi tangu utoto, asubuhi mpaka saa nne, ndipo anakuja uwanjani. Mgongo wake haujalala hata siku moja. Ninyi mliokaa kwenye viti mkifika 50 mnataka mwili ufanye kazi ambayo hamkuwahi kuupa.

Umri ni kisingizio. Kukaa ndiyo ugonjwa.

#15 Makambako Njia Panda
Hii hoja ya Kedi ina uzito. Wazee wa vijijini wanabeba magunia.

#16 Dada Kihesa
Kwa heshima kabisa kaka Kedi, huyo mzee ni kweli na nafurahi kusikia habari zake. Lakini mimi ninaowapokea na matatizo ya kiuno wengi ni wakulima. Jembe la mkono linakuinamisha mbele siku nzima, na halizungushi mwili, linaukunja. Nguvu ya mshiko na ya mikono linajenga, sikatai. Huyo mzee yawezekana analima NA anazungusha fimbo kila siku tangu utoto. Kipi kimemlinda?

#17 Kedi wa Zamani
Vyote. Lakini ukiondoa jembe hakuna mzee.

#18 Loleza
Wakuu mmefika kwenye nyuzi za misuli na hakuna aliyemuuliza mzee anapiga na fimbo gani! Mstaafu, draiva yako ni ile ya Dar? Uso wake umelala digrii ngapi? Shafti (mpini) ngumu au laini?

#19 Mstaafu Mafinga
Ndiyo ileile. Digrii 9, shafti ngumu. Nilishauriwa wakati ule na ilinifaa sana.

#20 Loleza
Basi.

Ngoja nieleze, maana yalinikuta. Nilipofika 55 nilikuwa na draiva ya aina hiyo. Mpira ulikuwa unatoka chini chini, unapinda kulia, unaanguka. Nikawa nakaza zaidi, ndiyo ukaharibika zaidi. Rafiki akanipa ya digrii 12 yenye shafti laini ya wazee. Sikubadilisha swingi. Mpira ukapanda, ukakaa hewani, nikarudi karibu na umbali wangu wa zamani.

Sababu yake: fimbo ikienda taratibu, mpira unahitaji kurushwa juu zaidi ili ukae hewani. Digrii 9 ni ya mtu mwenye kasi. Na Makambako kule #6 amesema kitu ambacho naona watu wamekipita: hewa ya juu hainyanyui mpira vizuri. Unganisha hayo mawili. Mzee mwenye kasi ndogo, draiva ya digrii 9, mita 1,900. Anaumizwa mara mbili. Draiva iliyomfaa Dar akiwa na miaka 45 ndiyo inayomnyima yadi Mufindi akiwa na 58.

#21 Injinia Uyole
Loleza hapo umesema. Nakubali kuhusu kimo cha mpira. Ila digrii haziongezi kasi. Kasi ikishuka, dari ya umbali imeshuka. Fimbo sahihi inakufikisha kwenye dari hiyo, haiipandishi.

#22 Loleza
Wachezaji wangapi wa ridhaa wanaigusa hiyo dari? Mpira ukiupiga kwenye kisigino cha fimbo unapoteza yadi nyingi kuliko miaka kumi ya umri. Mimi nasema mzee ana yadi 15 zimelala kwenye vifaa na namna anavyougonga mpira.

#23 Msonobari
Mimi nina shaka na namba ya kwanza kabisa. Yadi 230 zilipimwaje? Wastani wa mwanaume wa ridhaa ni kati ya 215 na 225 hivi, na wapo vijana wengi humo. Watu tunaikumbuka mipira yetu bora ya zamani kisha tunailinganisha na ya kawaida ya leo. Mstaafu ametaja namba mbili za leo, mpira bora 205 na wa kawaida 195. Ya zamani ametaja moja tu. Ilikuwa bora au ya kawaida?

#24 Mstaafu Mafinga
@Msonobari zilipimwa kwa alama za uwanjani, na tulikuwa watu wanne tunaocheza pamoja kila Jumamosi. Ilikuwa ya kawaida. Bora ilipita 240.

#25 Kyela Mpunga
Msonobari unamwita mzee muongo kwa adabu 😂

#26 Msonobari
Hapana, nauliza kipimo. Mtu akitaka kujua ng'ombe amepungua lazima ajue alianza na kilo ngapi.

#27 Mama Ilomba
Hamjambo. Uzi mzuri, ila mnaongea kama gofu ni ya wanaume tu.

Nina miaka 53. Mimi umbali haukushuka pole pole kama mnavyosema, ulishuka kwa mkupuo mara hedhi ilipokoma. Nguvu, usingizi, viungo, vyote kwa pamoja. Usiku silali kwa joto, asubuhi nikishika fimbo mikono haina kitu. Nilidhani nimeshapoteza mchezo.

Kilichonirudisha ni vyuma. Siyo kukimbia, siyo kutembea, vyuma. Binti yangu alinianzisha na vidumu vya maji nyumbani, baadaye nikaenda jimu hapa Mbeya. Kuchuchumaa na mzigo, kunyanyua kutoka sakafuni, na kurusha mpira mzito ukutani. Kasi imerudi, siyo yote, lakini sasa nikipiga nasikia ile sauti. Kwa hiyo kwangu dada Kihesa yuko sahihi kuliko wote, ni nyuzi za haraka, na zinaitika zikiitwa.

#28 Dada Kihesa
Asante sana mama. Hilo la hedhi wanawake wengi hawaambiwi. Misuli na mifupa vyote vinaguswa, na mazoezi ya uzito ndiyo ninayowapa mkazo wote wanaokuja kwangu.

#29 Tukuyu Mvua
Kuna yale mazoezi ya kuzungusha fimbo nyepesi kuliko kawaida kwa kasi yote, halafu nzito, halafu yako. Naona watu wanayasifia. Mzee ajaribu?

#30 Gangilonga
Yanasaidia wengi kwa sababu yanaufundisha mwili kuacha kujizuia. Lakini miaka 58, baridi ya Mufindi, bila kupasha mwili? Utapata yadi tano na kupoteza bega. Bernhard Langer mwenyewe, bingwa mkongwe wa Ujerumani, anayeishi kwa nidhamu ya mwili, alikatika kano ya kisigino mwezi Februari 2024 akiwa mazoezini, na wala haikuwa gofu. Alirudi mwaka huohuo akashinda tena akiwa na miaka 67. Somo langu hapo siyo kwamba usifanye. Anza na miguu na nyonga, kasi ije baadaye.

#31 Injinia Uyole
Suluhisho lingine ambalo halihitaji bega: sogea mbele. Marekani walianzisha kampeni mwaka 2011 ya kuwahimiza watu waanzie tii za mbele (sehemu za kuanzia zilizo karibu zaidi na shimo) kulingana na umbali wa draiva yao. Anayepiga yadi 200 walimshauri acheze uwanja wa yadi 5,200 hadi 5,400. Mzee akisogea mbele, mbao namba 5 inageuka aini namba 8 kesho asubuhi.

#32 Mstaafu Mafinga
Siko tayari. Nimeuliza yadi zimekwenda wapi, sijauliza nizifiche vipi.

#33 Mama Ilomba
Sisi tunaanzia tii za mbele tangu zamani na hatufichi chochote. Kaka hiyo ni heshima ya uongo, samahani.

#34 Makambako Njia Panda
Mama yuko sawa kwa upande mmoja. Lakini namwelewa mzee. Bingwa wa zamani Tom Watson mwaka 2009 kule Turnberry, Scotland, alikuwa na miaka 59, mmoja zaidi ya Mstaafu, akafika shimo la mwisho la mashindano makubwa ya Open akihitaji par tu (mikwaju ya kawaida ya shimo) ashinde. Akakosa, akafungwa na Stewart Cink kwenye mashimo ya nyongeza. Na alicheza tii zilezile za vijana. Sam Snead naye 1979, miaka 67, akapata mikwaju 67 raundi moja na 66 nyingine kwenye mashindano ya PGA Tour. Hao hawakuwapita vijana kwa umbali. Waliwapita kwa kuugonga mpira katikati.

#35 Loleza
Ndicho ninachosema tangu #22.

#36 Kedi wa Zamani
Na hao walikuwa wanazungusha fimbo kila siku.

#37 Tukuyu Mvua
Nje ya mada kidogo: wanaotoka Mbeya kwenda kucheza Mufindi mnaendaje? Basi linanishusha Mafinga, kuingia ndani na mfuko wa fimbo kwa bodaboda ni mtihani, hasa mvua ikinyesha.

#38 Msonobari
Mtafute mtu mwenye gari muende watatu wanne mchangie mafuta. Bodaboda na draiva mgongoni kwenye ile barabara ya vumbi, sikushauri.

#39 Mstaafu Mafinga
@Tukuyu ukija nitakuchukua Mafinga mjini, njoo PM.

Wakuu nimewasikia. Nitafanya hivi. Nitaazima draiva ya digrii 12, nitacheza mchana badala ya asubuhi, na dada Kihesa anipe mazoezi ya kugeuka kushoto. Nitaleta namba.

#40 Dada Kihesa
Mazoezi nitakutumia. Lakini ukibadilisha vyote wiki moja, yadi zikirudi hatutajua kipi kimezirudisha. Badilisha kimoja kimoja.

#41 Loleza
Anza na draiva. Majibu utayapata siku hiyohiyo.

#42 Gangilonga
Kabla ya draiva, tafuta mtu mwenye kile kirada kidogo cha kupimia kasi. Ukikuta una maili 85 ubishi wa fimbo umekwisha.

#43 Loleza
Ukikuta ana 92 je?

#44 Injinia Uyole
Ukikuta ana 92 basi kasi ipo na Loleza ameshinda. Na akienda Dar kusalimia watoto apite uwanja wa gofu wa Lugalo apige mipira ileile na draiva hiyohiyo. Bila kipimo cha usawa wa bahari swali la mwinuko linabaki pale pale.

#45 Kyela Mpunga
Lugalo mbali. Kyela ni mita 500 tu na mpunga umeiva. Mzee njoo na hizo draiva mbili, tutapiga kwenye uwanja wa shule.